Chozi na vipepeo wamepungua uani kwako? Anza kukagua hapa

Kila baada ya wiki mbili tatu lazima nipate meseji ya namna hii: "Kaka, mbona wale ndege wadogo wa kwenye maua hawaji tena kwangu, na vipepeo nao sioni, shida nini?" Halafu inafuata picha ya uani kwake. Pevingi zimepangwa kuanzia getini mpaka mlango wa jikoni, ukoka umenyolewa kama kichwa cha kuruta, bogenvilia mbili kwenye vyungu, na bomba la dawa limeegemea ukuta. Mi huwa nacheka kidogo kabla sijajibu maana jibu liko kwenye picha.

Sasa nimeamua niandike mara moja yaishe. Nimepanga kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana nashuka mpaka za nadra, we tafuta dalili yako ufate. Niko Dar kwa hiyo mifano mingi ni ya pwani, walioko Arusha au Nairobi mambo ni yale yale ila misimu yenu mnaijua wenyewe.

Kitu kimoja kwanza. Hawa wetu ni chozi, sio hamingbedi. Hamingbedi wapo mabara ya Amerika tu, zaidi ya aina 300, na huku kwetu hayupo hata mmoja wa porini. Chozi sio ndugu yake, wanafanana kwa sababu wote kazi yao ni kunyonya maji matamu ya maua. Nasema hivi sio kwa kujifanya mjuaji, ila kuna watu wanafata maelekezo ya Marekani neno kwa neno halafu wanashangaa hayafanyi kazi. Hamingbedi anakula akiwa anaelea hewani, chozi anataka kutua. Ua lisilo na kitawi cha kusimamia anaweza kulipita tu. Na yule anayeelea mbele ya ua jioni jioni, mnene mnene, mabawa hayaonekani kwa kasi, ambaye watu wanamrekodi wanasema ni hamingbedi, yule ni nondo. Mkaribishe pia.

Kabla ya yote: wamepungua kweli?

Wengi wanaolalamika wanalinganisha Februari na Juni. Kiangazi cha Januari na Februari huku kila kitu kimekauka, vipepeo wanakuwa wachache, na wengine wapo kwenye pupa (sio ile pupa ya haraka, nasema kile kifuko kinachoning'inia) wanasubiri mvua. Masika ikishakolea na majani machanga yakitoka ndo wanalipuka, Mei na Juni unawaona mpaka barabarani. Vuli nayo ina wimbi lake dogo. Kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi ule ule.

Hesabu hivi: kaa sehemu moja dakika 15, mara moja kwa wiki. Chozi wahesabu kuanzia kunapopambazuka mpaka saa tatu, vipepeo kuanzia saa tatu mpaka saa sita jua likiwa limewaka na upepo mdogo. Andika kwenye simu. Kama huna rekodi ya mwaka jana muulize bibi au dada anayefua nje kila siku, hao wanajua kuliko wewe unayetoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni unarudi usiku.

Na kama walikuja vipepeo weupe au wa njano hafifu wengi kama karatasi zinapeperushwa, wakapita siku tatu nne wakaisha, hapo hakuna tatizo lolote. Ni wasafiri. Kuna aina zinazohama kwa makundi, bustani yako ilikuwa stendi tu.

Dalili: chozi walikuwa wanakuja, sasa hawaji kabisa

Sababu ya kwanza, na hii ndo nyingi kuliko zote: umekata walichokuwa wanakula. Watu wanadhani chozi anafata maua ya pambo. Chozi anafata ule moyo wa zambarau wa mgomba, anafata mnazi ukichanua, mlonge, na mpapai dume ambao kila mtu anaukata kwa sababu "hauzai". Anafata pia yale magugu marefu ya kiwanjani yenye mipira ya maua ya rangi ya chungwa imepandana kwenye shina kama mishikaki, ambayo ukipewa kiwanja kitu cha kwanza unaita vijana wafyeke. Kumbuka miezi 12 iliyopita umekata nini, na jirani kakata nini, maana chozi hajui mpaka wa kiwanja.

Kuna kipimo kirahisi hapa. Chuma ua la haibiskasi lililofunguka jana, angalia pale chini linapokaa kwenye kikonyo. Ukiona kitundu au kipasuko kidogo kama mtu kachoma na sindano, chozi alipita. Huwa anatoboa kwa nyuma anaiba utamu bila kuingia mbele. Maua kumi bila hata kitundu kimoja, hapo kweli hawaji.

Kurekebisha: usinunue maua 20 ya aina moja. Panga ili kila mwezi kuna kitu kinachanua. Mshubiri ni mkombozi wa kiangazi, unachanua wakati vingine vimelala na hauhitaji maji mengi. Haibiskasi chukua ile ya kawaida yenye petali tano, achana na iliyojazana kama kabichi. Acha mgomba mmoja nyuma ya tanki la maji, hauli chakula chako.

Sababu ya pili ni dawa. Chozi mwenyewe anaishi kwa nekta lakini watoto wake anawalisha buibui na vidudu laini, na hata kiota anakishona kwa utando wa buibui. Sasa wewe unaita fundi wa kupiga dawa kila miezi mitatu, ananyunyiza mpaka kwenye ua wa michongoma, halafu kila Jumamosi unapitisha ufagio mrefu kutoa utando kwenye paa la nje. Umemnyang'anya chakula cha mtoto na uzi wa kujengea. Tandaza dawa ndani kama lazima, nje acha. Utando wa ndani fagia, wa kwenye miti muachie.

Ya tatu ni kunguru, hii walioko Dar, Zanzibar, Tanga na Mombasa wananielewa vizuri. Wale wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 na wamegeuka janga la pwani nzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka juzi kwangu chozi jike alishona kiota kwenye ncha ya waya wa kuanikia nguo, kamfuko ka majani makavu na utando, kana kibaraza kidogo juu ya mlango, tukahamisha nguo zote upande wa pili. Asubuhi moja saa kumi na mbili nikasikia kelele, nikatoka na kandambili mguu mmoja, nikakuta kunguru wawili wamekishika kiota huku na huku wanakivuta kama watoto wanagombania mfuko wa ubuyu. Kiliisha ndani ya dakika moja. Nilikasirika wiki nzima, ila nilipotulia nikajiuliza kunguru walifata nini kwangu, jibu likawa pipa la taka lisilo na mfuniko na sahani ya mbwa iliyokuwa inalala nje na ugali.

Kwa hiyo anza na taka. Funika pipa, toa chakula cha mbwa kikishaliwa, na panda kitu chenye matawi mengi yaliyosongamana ambamo mwili wa kunguru haupenyi. HAPA SIMAMA: usitege sumu ya kunguru mwenyewe. Kuna sumu maalum inayotumiwa na wataalam wa wanyamapori, we ukiweka ya panya kwenye nyama utaua paka wa jirani, kuku na pengine mtoto. Nenda serikali ya mtaa au ofisi ya wanyamapori, kama Kenya kule KWS (shirika lao la wanyamapori) mwaka 2024 walitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja, maana yake hii sio vita ya mtu mmoja na manati.

Baada ya hapo ndo uangalie paka na vioo. Paka mfungie kuanzia alfajiri mpaka saa tatu, muda ambao chozi wako chini chini. Kioo kikubwa kinachoonyesha miti, bandika vidoti kwa nje kila baada ya sentimita 5 hivi, stika moja ya mwewe katikati haisaidii. Na kama dume anapigana na kioo cha gari, hana kichaa, anadhani ni mpinzani wake, vika kioo soksi wiki mbili atasahau.

Dalili: wapo, ila wale wanaong'aa wametoweka

Hii inawatisha watu bure. Unabaki kuona vidogo vya rangi ya udongo, tumbo njano njano. Jike kwa kawaida ndo rangi yake hiyo. Na madume ya aina kadhaa, msimu wa kuzaa ukiisha, wanavua manyoya ya kung'aa wanavaa ya kawaida, wanabaki na mabaka mabaka kama ukuta uliopigwa rangi nusu. Subiri. Wakirudi kuzaa watavaa tena. Usifanye chochote.

Dalili: maua yapo kibao, vipepeo hakuna

Hapa ndo pana utamu na hapa ndo watu wanagombana na mimi.

Sababu kubwa kuliko zote: umepanda chakula cha mkubwa ukasahau cha mtoto. Kipepeo anakunywa kwenye ua lolote zuri, lakini hatagi popote. Kila aina ina mti wake au familia yake ya miti, na kiwavi akizaliwa kwenye jani lingine anakufa na njaa akiwa juu ya majani. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anataga kwenye mndimu, mlimao na mchungwa. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe anataga kwenye magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa. Weupe na wa njano wanaopenda kuruka juu juu wanataka jamii ya mjohoro na mwingajini. Wadogo wekundu wenye mabawa kama plastiki wanapenda jamii ya mpesheni. Sasa angalia orodha hii halafu angalia uani kwako. Kuna hata mmoja? Bogenvilia haimo.

Wale wa mradi unaoitwa Kipepeo pale Gede, Kenya, wanaofuga vipepeo pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke tangu 1993 na pupa zao kusafirishwa nje, kazi yao kubwa ni kutunza miti ya kulisha viwavi. Maua ni ziada.

Sababu ya pili imeungana na ya kwanza: mti upo, mtoto yupo, unamuua mwenyewe. Mi nilifanya hivi miaka miwili mfululizo. Nilikuwa na mndimu, nikaona kwenye majani machanga kuna vitu vyeusi na doa jeupe katikati kama kinyesi cha ndege. Nikadhani ni uchafu, vikakua, vikageuka kijani vinene kama kidole, nikagusa kimoja kikachomoa pembe mbili nyekundu kichwani na harufu kali ya chungwa lililooza, nikaruka nyuma, nikaenda kuchukua dawa. Mwaka huo huo nalalamika vipepeo weusi wamekwisha. Aliyenitoa ujinga ni mama mmoja jirani, akaniambia, "Baba, hicho ulichokiua asubuhi ndicho unachokitafuta jioni." Sina cha kuongeza.

Mndimu mkubwa viwavi kumi na tano hawaufanyi kitu, utachipua tena. Mche mdogo ndo shida, huo hamishia viwavi kwenye mti mkubwa, kwa kukata jani zima na kiwavi juu yake. Na sio kila kiwavi umuonee huruma: wale wa manyoya manyoya wanaowasha usiwaguse kwa mkono, na viwavijeshi kwenye mahindi hilo ni suala la bwana shamba, sio la bustani ya vipepeo.

Watu huniambia, "Mi situmii kemikali, natumia mwarobaini." Mwarobaini unavuruga kiwavi asiweze kujivua ngozi, anakufa taratibu. Wa asili ndio, lakini anakufa. Kwa wadudu mafuta piga maji ya bomba kwa nguvu, rudia baada ya siku tatu, inatosha mara nyingi.

Ya tatu ni miche ya kununua. Mche ukiwa mzuri kupita kiasi, hauna hata jani moja lililotobolewa, uliza umepigwa nini. Kuna dawa zinazopanda ndani ya mmea mpaka kwenye nekta, jamii ya imidaklopridi na wenzake. Umoja wa Ulaya ulizizuia tatu kati ya hizo kwa matumizi ya nje mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Huku unauziwa kwenye kichupa na muuzaji anakwambia "hii inaua kila kitu" kama vile ni sifa. Miche ya hivyo ikae pembeni miezi kadhaa, maua yake ya mwanzo yakate.

Halafu kuna vitu vidogo: kivuli kimezidi (vipepeo wanataka jua na jiwe la kuotea), upepo wa baharini unapiga moja kwa moja, taa za ulinzi zinawaka usiku kucha zinamaliza nondo. Na hawana matope! Madume wa aina nyingi wanafyonza chumvi kwenye udongo uliolowa. Chukua sahani ya chungu, weka mchanga na udongo, lowesha, weka juani. Pembeni weka embe au ndizi iliyooza inayonuka pombe, kuna wale wakubwa wenye mikia wanaoruka kama wamekasirika, maua hawana habari nayo, wanataka hiyo pombe tu.

Dalili: viwavi wapo leo, kesho hawapo

Angalia mti una maji moto? Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, Zanzibar mnawaita sangara. Wakiwepo hakuna kiwavi atakayemaliza wiki. Sikushauri uwaue, kwenye mnazi, mkorosho na mwembe wanakulindia mazao. Kata tu matawi yanayogusana na ukuta au mti mwingine ili mndimu wako ubaki peke yake, na shina lifunge kitambaa chenye mafuta mazito.

Kama hakuna maji moto basi ni nyigu, ndege, kinyonga, mjusi. Hiyo ni kawaida, viwavi wengi mno wanaliwa, ndo maana mayai ni mengi. Chozi mwenyewe anaweza kuwa mmoja wa walaji wa vile vidogo. Mkitaka watoto wenu waone mabadiliko yote, chukua viwavi wawili watatu weka kwenye ndoo yenye chandarua juu, wape majani mapya ya mti ule ule kila siku. Kuanzia yai mpaka kipepeo wa mndimu ni mwezi mmoja na nusu hivi.

Ukiona pupa imebadilika rangi ikawa kahawia, ngumu, ina kitundu cha mviringo ubavuni, humo ametoka kinyigu mdogo, sio kipepeo. Itupe, endelea.

Dalili: kipepeo anatoka, mabawa yamekunjika

Mara nyingi alianguka kabla mabawa hayajanyooka au hakuwa na nafasi ya kuning'inia. Akitoka anatakiwa kubaki kichwa juu mabawa chini saa moja au zaidi bila kushikwa. Watoto wakae mbali. Sababu nyingine ni ukavu, chombo kiwekwe karibu na kitambaa kilicholowa. Wakitoka hivyo watatu wanne mfululizo, hapo fikiria dawa kwenye majani unayowalisha au ugonjwa: osha chombo chote kwa jiki iliyochanganywa na maji, kausha juani, anza upya na majani ya mti mwingine. Aliyekunjamana hatapona, usimtese na gundi za kwenye video.

Dalili: nimetundika chupa ya maji ya sukari, hawaiji

Chupa haina pa kutua, hiyo ni nusu ya kesi zote. Funga kijiti. Ikishindikana itundike katikati ya maua wanayoyajua, wiki mbili. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, basi. Asali hapana, inaota ukungu haraka. Sukari guru hapana. Rangi nyekundu hapana, paka rangi chupa kwa nje kama unataka wekundu. Kwa joto la Dar mwaga na uoshe kila baada ya siku mbili hata kama haijaguswa, ukiona maji yana ukungu ukungu umechelewa. Nyuki wakivamia, iondoe siku tatu, usipigane nao. Waya usiupake mafuta maana yakigusa manyoya ya ndege umemmaliza, tundika juu yake kifuniko chenye maji, sisimizi hawavuki.

Kusema kweli mi chupa niliiacha. Mgomba mmoja unafanya kazi hiyo bila kuoshwa.

Dalili: unawaokota wamekufa

Mmoja chini ya dirisha, ni kioo. Mmoja mwenye alama za meno, ni paka. Aliyezubaa tu baada ya kugonga kioo, muweke kwenye boksi lenye matundu, sehemu yenye giza na utulivu, saa moja, usimmwagie maji mdomoni, kisha fungua boksi nje. Kumfuga hapana. Sheria ya wanyamapori ya 2009 hapa Tanzania inataka kibali, na chozi kwenye tundu hachukui siku nyingi.

Lakini ukikuta ndege watatu na zaidi ndani ya siku moja mbili, au ndege pamoja na nyuki wametapakaa chini, SIMAMA. Usishike kwa mikono mitupu, watoto na kuku waondoe eneo hilo, piga picha, muite daktari wa mifugo wa kata. Inaweza kuwa ugonjwa wa ndege, inaweza kuwa sumu. Kama kuna mtu alipiga dawa siku hizo, tafuta chupa yenye kibandiko chake, sio ile iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, upeleke kwa bwana shamba au TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), Kenya ni PCPB (bodi yao ya viuatilifu). Na kama aliyepiga dawa mwenyewe anaumwa kichwa, anatokwa jasho na mate, macho yamefifia, acha habari za ndege, mvue nguo zenye dawa, muoshe na maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali na hicho kibandiko mkononi.